Kilichofichwa Hakizunguki

Ofisini walimwita Sawasawa, na jina hilo halikuokotwa. Nani mwingine angeingia chumba cha mkutano, akakuta viti vimekaa shaghalabaghala, akavipanga vyote kwanza ndipo akumbuke kusalimia? Vikombe vya chai kwenye trei alivigeuza mpaka mikono yote ielekee upande mmoja. Viatu vya wageni mlangoni alivipanga jozi kwa jozi, visigino ukutani, hata mgeni akitoka anataka kupiga kelele za wizi kwa sababu viatu havipo alipoviacha. Wenzake walimcheka, na yeye alicheka nao. Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi walipomtania aliitikia kwa adabu, akarudi kwenye skrini yake, na utani ukafia hapo hapo mezani.

Kazi yake ilikuwa kujenga nyumba ndani ya kompyuta. Mteja analeta kiwanja na ndoto zake, msanifu anazipunguza ndoto hizo mpaka zienee kwenye kiwanja, kisha Sawasawa anaisimamisha nyumba kwenye skrini kwa pande zake zote: kuta, paa, milango, ngazi, hata sinki la jikoni. Ikikamilika anashika kipanya na kuizungusha mbele ya mteja, juu, chini, mbele, nyuma, kabla hata lori la kwanza la mchanga halijafika. Wateja wanapenda sana kuzungushiwa. Kuna bwana mmoja, mtu mzima na suti yake, alizungushiwa ghorofa mpaka akaomba kiti na maji ya kunywa.

Ofisi yenyewe ilikuwa juu ya duka la matairi, kwa hiyo ilinuka mpira mpya mwaka mzima. Meza zilikuwa chache, printa haikuchapa mpaka ipigwe kofi ubavuni, na mwenye ofisi, yule msanifu, alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia kifuani na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Ndiye aliyewafundisha wote desturi ya kulaza barabara.

Desturi yenyewe ni hii. Mpima ardhi huleta kiwanja kama kilivyo duniani, na dunia haijali skrini ya mtu. Kiwanja kinakuja kimekaa kombo, barabara wakati mwingine iko juu, wakati mwingine ubavuni. Msanifu hakutaka hivyo. Alisema mteja huijua nyumba yake akiitazama kutoka barabarani, basi kila kiwanja kigeuzwe kwanza mpaka barabara ilale chini ya skrini, imenyooka. Hapo ndipo uanze kuchora, kuta zifuate mistari ya gridi, ile miraba ya kwenye skrini, pembe zinate zenyewe. Ukimaliza unachagua vyote na kuvizungusha kwa kipimo kile kile kinyume, kiwanja kinarudi kama kilivyo ardhini, na fundi anaweza kupigilia vigingi vyake bila kukosea. Unalaza, unachora, unarudisha. Walifanya hivyo bila kufikiri, na Sawasawa alikuwa mwepesi wa kufanya hivyo kuliko wote.

Mkewe aliugua, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, na mara ya mwisho hakutoka. Mama wa marehemu aliomba azikwe nyumbani kwake, kwenye kona ya nyuma ya kiwanja, karibu na ua. Sawasawa hakubisha. Hakuwa na la kubishia. Watu walimpa pole, wakamwambia ajikaze, na yeye alijiangalia ndani akatafuta cha kukaza, hakukiona. Alikuwa amekufa ganzi. Alijua kwamba ni huzuni, kama unavyojua kwamba meno yako yapo hata daktari alipokuchoma sindano, lakini hakuisikia. Aliwashukuru waliokuja, akawasindikiza wa mbali mpaka kituoni, akarudi kazini mapema kuliko alivyoruhusiwa.

Nyumbani alikula amesimama. Simu ya marehemu aliiacha kwenye chaji kando ya kitanda, na kila alfajiri ililia kwa ile kengele ambayo mkewe aliiweka ya kuamkia kazini. Sawasawa aliiacha ilie mpaka ichoke. Usidhani alifanya hivyo kwa mapenzi makubwa. Hakukumbuka tu kwamba kengele inaweza kuzimwa.

Sasa mama mkwe. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke mwembamba aliyevaa futi ya kupimia shingoni kama wengine wanavyovaa mkufu, na macho yake yalikupima kabla futi haijakugusa. Aliishi kwenye nyumba ya vyumba viwili pembeni ya kiwanja, iliyovuja kila mvua na ukuta wake mmoja ulishaanza kufungua mdomo. Marehemu ndiye aliyeanza kumkusanyia mama yake matofali ya nyumba mpya, na matofali hayo yalibaki yamepangwa hapo, yanaota ukungu. Ndugu wakakubaliana nyumba ijengwe. Mchoraji alikuwa anajulikana.

Mama mkwe hakuja ofisini kuzungushiwa chochote. Alimwita Sawasawa kwake, akamkalisha kwenye kochi lenye vitambaa, akamwambia alichotaka, na alichotaka kilikuwa kimoja.

"Nataka baraza la kuweka cherehani yangu," alisema. "Nikiwa nashona, nikiinua macho, nimwone. Basi. Vyumba, jiko, madirisha, chora unavyojua wewe. Lakini hilo la baraza usinikosee."

"Sawa, mama."

"Usiniambie sawa tu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama. Baraza limtazame."

"Limtazame," alisema mama mkwe, na hapo tu ndipo sauti yake ilipokwaruza kidogo. Akainuka kwenda kuangalia kitu jikoni, akakaa huko mpaka sauti ikarudi.

Msanifu alijitolea kumpa kazi hiyo mtu mwingine. Sawasawa akakataa, na alipoulizwa kama ana uhakika, alijibu kwamba ni nyumba tu. Faili ya mpima ardhi ilipofika aliifungua palepale. Kila kitu kilikuwemo: mipaka, nyumba ya zamani, tangi la maji, mparachichi, ua wa nyuma. Na kwenye kona, kisanduku kidogo cha kijivu, kirefu kuliko upana, kimeandikwa "kaburi" kwa herufi zile zile zilizoandika "tangi".

Alikitazama. Akakibofya, akachagua kuficha, kikatoweka.

Hakulia wala hakushusha pumzi. Alikificha kama mtu anavyofunga mlango wa chumba kisichotumika ili vumbi lisitoke. Kisha, kwa kuwa barabara ya mama mkwe ilikuwa juu kabisa ya skrini, akachagua vyote akavigeuza karibu nusu duara, barabara ikalala chini, imenyooka, na akaanza kazi.

Aliichora vizuri nyumba ile, na hapo asidhulumiwe. Jiko alilipa dirisha pana kwa ajili ya moshi. Mlango wa chumba cha kulala aliuweka mahali ambapo mama mtu mzima hatajikwaa akiamka. Choo na bafu aliviweka kona ya nyuma, na shimo lake nje kidogo ya ukuta, kama kila nyumba inayojiheshimu inavyofanya. Ilipofika zamu ya baraza, alikifichua kile kisanduku. Kilionekana huku chini, karibu na barabara, upande wa kulia. Mtu mwenye akili zake zote angejiuliza marehemu anafanya nini getini. Sawasawa hakujiuliza. Alikuwa anatazama kwa jicho moja, kama anayetoa mwiba. Akachagua baraza, akachagua kisanduku, akaamuru kompyuta kielekezwe hiki kwa kile, katikati kwa katikati. Baraza likageuka taratibu likakitazama kisanduku sawasawa, bila kosa la hata unywele. Akakificha tena. Kisha akachagua vyote, akarudisha kiwanja kama kilivyokuwa, akachapa, akaipiga printa kofi lake.

Msanifu alipitisha macho kwenye karatasi. Aliona baraza liko mbele, linatazama upande wa barabara, mahali ambapo mabaraza hukaa. Akaweka sahihi.

Ujenzi ukaanza. Fundi mwashi alikuwa mtu wa maneno mengi na mkono mzuri, na kila baada ya hatua alimtumia Sawasawa picha kwenye simu: msingi umechimbwa, zege limemwagwa, kozi za kwanza za matofali zimepanda. Sawasawa alijibu kwa alama ya dole gumba. Kwenda hakwenda. Mara kazi zimebana, mara ana mafua, mara wiki ijayo. Tangu mazishi hakuwa amekanyaga kwenye kiwanja kile kupita sebule ya mama mkwe, na hata siku ile ya kochi na vitambaa alikaa ameupa mgongo mlango wa nyuma.

Mama mkwe naye, aliyekuwa akimpigia simu kila mwisho wa wiki kumuuliza kama amekula, akaacha kupiga. Alipopigiwa, hakupokea. Sawasawa alipaswa kushtuka. Badala yake alihisi mzigo umepungua, kwa sababu swali la kama amekula lilikuwa linamchosha kulijibu. Ndivyo ganzi ilivyo, inakula hata aibu.

Siku moja asubuhi, akiwa anapanga viti vya kliniki ya mteja mwingine kwenye skrini, simu ikaita. Alikuwa fundi.

"Bosi, njoo huku," alisema fundi. "Mama amekalia shimo."

"Shimo gani?"

"La choo. Yaani hatujachimba, tumemwaga chokaa tu kuweka alama. Vijana wameshika majembe, mama akatoka na kiti chake cha plastiki, akakiweka katikati ya alama, akakaa. Anashona."

"Mwambie asogee kidogo."

"Mimi? Bosi, mama huyu ni mtu wa kuambiwa asogee?"

"Anasema nini?"

"Hasemi. Ndiyo shida. Angekuwa anatukana ningejua pa kuanzia."

Kuna swali lilikuwa linapanda kutoka mahali pa mbali, na Sawasawa alipoliuliza sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Hilo shimo liko wapi, fundi?"

"Pale ulipochora. Kona ya nyuma."

"Kona ipi?"

Fundi alikohoa. "Kona ya marehemu, bosi," alisema mwishowe. "Mimi nilijua mmekubaliana kifamilia. Nikasema siyo kazi yangu kuuliza."

Sawasawa alifunga faili ya kliniki akafungua ya nyumba ya mama mkwe. Ilikaa pale kwenye skrini, safi, imetulia. Akaenda kwenye orodha ya vitu vilivyofichwa, na kilikuwa kimoja tu. Akakifichua.

Kisanduku kilitokea kwenye kona ya nyuma, mahali pake halisi. Hakikuwa kimesogea hata kidogo. Tangu siku ya kwanza hakikuwa kimesogea. Nyumba nzima, kiwanja, mti, tangi na barabara ndivyo vilivyogeuka, vikakaa hivyo wiki nzima, vikarudi, na chenyewe kikabaki pale pale. Baraza lilitazama geti. Kilichomtazama mkewe ni ukuta wa choo na bomba lake, na baina yao alama ya shimo.

Aliizungusha nyumba mara moja, taratibu, kama anavyowazungushia wateja. Hakuna upande ambao ilikuwa na nafuu.

Msanifu alikuwa amesimama nyuma yake, miwani machoni. Hakuhitaji kuelezwa, macho yake yalishaona. "Ulikificha kabla ya kulaza barabara?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza tangu ofisi ifunguliwe sauti yake haikufika ng'ambo.

"Ndiyo."

Kila anayeajiriwa pale huambiwa siku ya kwanza: ukichagua vyote, umechagua vinavyoonekana tu. Kilichofichwa hakizunguki. Sawasawa mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaambia wapya, na kuwacheka walipokosea, mlango wa mtu ukibaki unaelea hewani nje ya nyumba. Alingoja kugombezwa. Angefurahi kugombezwa. Msanifu akavua miwani.

"Nenda," alisema.

"Nimwambie nini?"

"Ulichofanya. Na usimpelekee kompyuta."

Alimkuta kama fundi alivyosema. Kuta zilikuwa zimefika kiunoni. Vijana wamekaa juu ya rundo la mchanga wanakula karanga, majembe yamelala. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cheupe cha plastiki katikati ya duara la chokaa, futi shingoni, anapindia kola ya shati la shule kwa mkono ili siku isipotee bure. Nyuma yake, hatua chache, lilikuwa kaburi. Udongo ulikuwa umeshuka, umepaliliwa vizuri, hakuna hata jani.

Sawasawa aliangalia kola. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sindano haikusimama.

Alisimama nje ya duara, hakujua kama anaruhusiwa kuingia. Mama mkwe alishona mpaka mwisho wa upindo, akakata uzi kwa meno, akaanza mwingine.

"Nilidhani umeamua," alisema, bado anaangalia kazi yake.

"Nimeamua nini, mama?"

"Kwamba imekwisha. Waliponyanyua ngazi za baraza nikaziona zinaelekea barabarani, nikasema labda zitageuka. Nikangoja. Tofali juu ya tofali, hazigeuki. Nikasema, kijana bado ana umri, ataoa, hataki mambo ya kutazamwa. Haya. Siwezi kumlazimisha mtu." Akainua macho kwa mara ya kwanza, na yalikuwa makavu na yamechoka sana. "Lakini choo, baba? Kwa kosa gani? Ukaona umchimbie choo kichwani?"

"Mama, nisikilize. Kwenye kompyuta, ukiwa umeficha kitu, halafu ukachagua vyote ukazungusha..."

"Sijakuuliza kompyuta."

"Ndiyo, mama."

"Nimekuuliza wewe."

Vijana waliacha kutafuna. Fundi alijifanya anapima ukuta ambao alishaupima.

"Nilimficha," alisema Sawasawa.

"Nani?"

"Yeye. Mpima alimweka kwenye ramani, kisanduku kidogo hivi. Nikabonyeza, akapotea. Nikachora nyumba yote bila yeye. Nilimfungua siku ya baraza tu, nikapima huku sitazami, nikamficha tena. Kila kitu kikageuka yeye akabaki. Sikuamua kitu, mama. Sikuamua chochote. Nilikuwa sitaki kuona."

Sindano ikasimama. Ng'ambo ya ua jirani alisikika akimwita mtoto wake aje kuoga.

"Ulibonyeza," alisema mama mkwe.

"Ndiyo."

"Akapotea."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nikiamka namwona. Nikianika nguo namwona. Nikifukuza kuku wanaomchakura namwona, na mvua ikinyesha usiku nawaza udongo unavyoshuka." Hakupandisha sauti. Aliongea kama anayemtajia mteja vipimo. "Mimi sina pa kubonyeza, baba. Na niliomba baraza nizidi kumwona. Unafikiri ni kwa sababu hainiumi?"

Sawasawa alitamani kupiga magoti, alitamani kukimbia, na miguu haikufanya hata moja. Alisimama tu pale pembeni ya chokaa, mikono imening'inia, kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Fundi ndiye aliyewaokoa, maana ukimya kwake ni ugonjwa. "Mama, naomba niseme," alisema. "Kuta hizi za bafu hazijabeba kitu. Tukizibomoa leo, baraza linakaa hapa nyuma, pazuri tu, hata jua la mchana halifiki. Choo na bafu tunavipeleka kule mbele kwenye baraza la sasa, msingi tayari upo. Ubaya wake ni mmoja, nyumba itawapokea wageni kwa choo. Watu watasema."

"Waseme," alisema mama mkwe. "Atakayesema sana tutamwonyesha mlango wa hicho choo."

Kijana mmoja akacheka, akapigwa kiwiko na mwenzake. Fundi naye akacheka kwa ahueni. Sawasawa akaona ni nafasi ya kuwa na manufaa, akashika simu yake. "Basi narudi ofisini, mama. Nachora upya, kesho asubuhi fundi ana ramani mkononi."

"Huendi kokote." Mama mkwe aliinuka, akakung'uta vipande vya nyuzi kwenye sketi, akabeba kiti chake mwenyewe. "Ulishachora. Leo tunapima hapa hapa, na macho yangu."

Akavuka ule ukuta wa kiunoni pale mlango wa bafu ulipokuwa umeachwa wazi, akakiweka kiti ndani, akakaa kama aliyekalia cherehani, mikono mbele, kola mapajani. Fundi akafunga kamba kwenye kigingi, akakisimamisha mbele ya miguu ya mama mkwe, akatoa kamba iliyobaki yote kwenye kibao chake. Mtu alihitajika wa kushika ncha ya pili kule mwisho, kichwani mwa kaburi, ili ukingo wa baraza ufuate mstari huo. Kijana wa karibu akanyoosha mkono.

"Siyo wewe," alisema mama mkwe. "Mpe yeye."

Kwa hiyo Sawasawa akapewa ncha ya kamba, akatembea nayo. Zilikuwa hatua chache tu na alizitembea zote. Chokaa ikabaki nyuma, kisha udongo ukawa laini chini ya viatu, kisha akafika. Hakukuwa na kisanduku. Kulikuwa na udongo mwekundu wenye urefu wa mtu anayemjua, kopo la maua ya manjano yaliyokatwa asubuhi hiyo hiyo, na alama za vidole vya mama mkwe mahali alipong'oa nyasi. Ulikuwa mfupi ule udongo. Alikuwa amesahau kwamba mkewe alikuwa mfupi.

"Umefika?" aliita fundi.

"Nimefika."

"Mama, unamwona?"

"Amesimama anaziba," alisema mama mkwe. "Mwambie achutame."

Sawasawa akachutama. Magoti yakagusa udongo, na ulikuwa na ubaridi na unyevunyevu, ukapenya kwenye suruali. Akaishika kamba kwa mikono miwili juu ya kichwa cha mkewe, fundi akaivuta kutoka upande wa pili, ikanyooka kati yao. Fundi akafumba jicho moja, akainua nyundo juu ya kigingi. Akaishusha. Akainua tena.

"Bosi, shika vizuri," alisema. "Kamba inatikisika, sipati mstari."

Sawasawa alikuwa ameinama, na kamba ilizidi kutetemeka, kwanza kidogo, kisha urefu wake wote mpaka kwenye kigingi. Vijana waliinuka kutoka kwenye mchanga. Mmoja akapiga hatua kwenda kumpokea.

"Mwacheni hapo hapo," alisema mama mkwe kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa ameinua macho, na aliona vizuri, hakuna kilichoziba. "Fundi, weka nyundo chini. Mwache alie kwanza, ndipo upigilie."